Chema Hakijiuzi: Maneno kwa Wahitimu wa Usonara na Ukataji Vito

(Hotuba iliyotolewa kwenye mahafali, Arusha)

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi wahitimu mnaochemka ndani ya majoho kwenye jua hili: salaam.

Niliombwa nizungumzie fursa katika sekta ya vito. Hotuba zenye kichwa hicho nimezisikia nyingi, nanyi pia, na bado sijamwona mtu aliyetoka kwenye mojawapo akaenda kufungua duka. Kwa ruhusa ya mkuu wa chuo nitauliza jambo jingine. Inakuwaje mtu mwenye akili zake timamu ayapite maduka kumi ya sonara, aingie la kumi na moja, alipe bei kubwa kuliko kote alikopita, halafu atoke anatabasamu? Huyo si mjinga. Mkimwita mjinga mtakufa maskini.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini kwenye kazi yetu methali hii imetuponza. Tumekaa nyuma ya meza zetu tukisubiri chema kijiuze. Pete imesuguliwa ikang'aa, jiwe limekaa sawasawa, fundi ametulia, na mteja anapita nje akielekea uwanja wa ndege, akanunue mahali pengine jiwe lililotoka kwetu.

Nitachukua duka moja tu la vito liwe mfano wetu: Tiffany & Co. la New York. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake inajulikana tangu mwanzo. Sababu ya pili mtaiona tukifika mbele, na haiko mbali na hapa tulipokaa.

Tuanze na sura, kwa kuwa macho ndiyo hutangulia. Duka hilo lipo kona ya Fifth Avenue na Barabara ya 57, kwenye jengo walilohamia mwaka 1940. Juu ya mlango amesimama Atlas, lile jitu la hadithi za Wagiriki, amebeba saa kubwa mabegani. Ukimtazama kutoka chini utaapa ni shaba iliyokaa karne nyingi. Ni mbao. Ni sanamu ya mbao ya karne ya 19 iliyopakwa rangi ifanane na shaba, na imehamishwa na duka kila lilipohama. Sisemi hivyo kuwacheka. Nasema tu kwamba mvuto wa duka hautegemei kila kitu kiwe cha thamani, ilimradi kile unachokiuza kama dhahabu kiwe dhahabu kweli.

Halafu kuna madirisha. Mtu angetarajia duka tajiri namna ile liwe na vioo kuanzia chini mpaka juu. La hasha. Madirisha yake ya kando ya barabara ni madogo, kama visanduku vilivyochimbwa kwenye ukuta wa mawe. Kuanzia mwaka 1955, kwa karibu miaka 40, mtu mmoja aitwaye Gene Moore alikuwa na kazi ya kuyapamba. Aliweka kidani cha almasi juu ya mchanga. Aliweka vito pamoja na mayai, pamoja na kamba, vitu vya jikoni na vya stoo. Mwaka 1965, New York ilipokuwa na uhaba wa maji, aliweka dirishani chemchemi ndogo inayotiririka, na kilichotiririka kilikuwa pombe ya jini. Mji mzima ukaizungumzia.

Fikirini alichokuwa akikifanya. Dirisha dogo haliwezi kutazamwa ukiwa unatembea. Lazima usimame, usogee, uiname kidogo. Na ndani hukuti pete mia mbili, unakuta moja. Kwa muda ule mfupi hakuna kingine duniani isipokuwa wewe na hiyo pete.

Sasa nendeni Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, au tembeeni hapa mjini. Kabati limejaa mpaka pete zinapandana kwenye sponji nyekundu, mikufu imening'inia kama nguo za mnadani. Naelewa kwa nini. Sonara wetu anaonyesha kwamba mali anayo, na mama anayenunua dhahabu ya harusi ya binti yake anataka achague kwa uzito, aweke hii kwenye mizani, aitoe, aweke ile. Biashara ile ina akili yake na siidharau. Lakini mteja wa jiwe moja la maisha yake si mteja wa gramu. Ukimpa vitu mia mbili kwa mpigo atatazama vyote na hatapenda hata kimoja.

Naona wengine mmeanza kuandika: "dirisha dogo". Wekeni kalamu kwanza. Wengi wanaoiga maduka ya kitajiri huanzia hapo hapo. Taa za kuwaka, zulia, kiyoyozi, mlinzi mwenye tai. Baada ya miezi michache taa zimezimwa na mlango umebandikwa "chumba kinapangishwa". Wameiga kilichokuja mwisho wakaacha kilichotangulia.

Kilichotangulia ni cha mwaka 1837. Charles Lewis Tiffany alikuwa kijana wa miaka 25 alipofungua duka pale Broadway na rafiki yake John Young, kwa dola 1,000 walizokopeshwa na baba yake Tiffany. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka uleule. Na hawakuwa masonara. Waliuza karatasi za kuandikia barua na vikorokoro vya kupendeza. Mauzo ya siku ya kwanza yalikuwa dola 4.98. Wazazi mnaolalamika kwamba duka la kijana wenu halijauza kitu wiki hii, nawaomba muikariri tarakimu hiyo.

Ila vijana wale walifanya jambo moja ambalo kwa wakati ule lilikuwa kituko: kila kitu dukani kilibandikwa bei yake, bei ikasomeka, na hakukuwa na kupatana. Tajiri alilipa hiyo, karani alilipa hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu naamini siri ya duka la vito imelala hapa. Mteja anayeingia kwa sonara anaingia na hofu. Akinunua nyanya anaibonyeza. Akinunua kitenge anakikunjua, anakivuta, anakinusa. Akinunua mbuzi anamfungua kinywa. Lakini pete ya dhahabu ya karati 18 ataibonyeza wapi? Jiwe la buluu aliloshika, ni tanzanite, ni yakuti, au ni kioo cha kiwandani? Sisi tunalo jiwe la kusugulia na chupa ya tindikali, tunazo lenzi na vipimo. Yeye ana macho yake tu, na anajua kwamba hapa macho hayamsaidii. Usilolijua ni usiku wa giza, na anatakiwa kutoa mshahara wa miezi kadhaa akiwa ndani ya giza hilo.

Sasa mwongezee kupatana bei. Unamtajia laki nane. Anasema tatu. Unacheka, unashuka mpaka tano. Wewe umefurahi kwamba umeuza. Yeye anarudi nyumbani akijiuliza swali moja tu: kama ilikuwa laki nane kweli, laki tatu zilikwenda wapi? Na kama ilikuwa tano, huyu mzee alitaka kuniibia? Pete ipo kidoleni, lakini kila akiitazama anamwona sonara aliyetaka kumla. Hiyo pete imeshakufa. Kupatana bei ni raha sokoni na kwenye kanga, tena ni adabu yetu, ni namna ya kujuana. Kwenye kitu ambacho mteja hawezi kukipima mwenyewe, kunageuka sumu.

Msidhani hili ni la Wamarekani peke yao. Ndugu zetu wanaokwenda Dubai kununua dhahabu wanalijua soko la dhahabu la Deira. Pale bei ya gramu ya siku, kwa kila karati, inaonyeshwa wazi, na muuzaji hana la kuficha kwenye uzito. Mnachopatana ni ujira wa ufundi tu. Mama zetu wa Zanzibar na Mombasa wanapapenda, na si kwa sababu ya marumaru. Wanapapenda kwa kuwa kile wasichoweza kukipima kimepimwa hadharani.

Tiffany waliendelea hivyo hivyo. Mwaka 1851 walichukua kipimo cha Waingereza cha fedha safi, sehemu 925 katika 1,000, kabla sheria ya Marekani haijawalazimisha. Ile namba 925 mnayoigonga nyuma ya hereni zenu mkiwa karakanani, mkinung'unika kwamba nyundo inateleza, ndiyo hiyo. Mtu aliyeko Mwanza hakujui wewe. Namba ile anaijua.

Kwa hiyo mvuto wa duka ni hofu iliyoondolewa. Mtu akishaacha kuogopa, ndipo macho yake yanapata nafasi ya kupenda. Taa na zulia vinakuja baada ya hapo.

Charles Tiffany alikuwa pia mfanyabiashara mjanja, na kuna kisa chake ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1858 waya wa kwanza wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya Bahari ya Atlantiki kati ya Ulaya na Amerika. Watu walishangilia mitaani. Tiffany akaununua waya uliobaki melini, akaukata vipande vya inchi nne, kila ncha akaivisha shaba, akaambatanisha hati ya kuthibitisha kwamba hiki ni kipande halisi cha waya ule. Akauza kwa senti 50 kila kimoja, na watu walisukumana mlangoni. Waya wenyewe uliacha kufanya kazi wiki chache baadaye! Lakini aliyenunua hakununua mawasiliano. Alinunua ushahidi kwamba aliishi siku zile. Wanangu, mnafundishwa kukata jiwe. Ni nani atakayewafundisha kuandika ile hati?

Nawataka pia mlijue anguko lake, msije mkadhani duka lina uchawi. Kabla ya kuumbuliwa mwaka 1872, matapeli wawili, Philip Arnold na mwenzake John Slack, walitawanya almasi na vito vya bei rahisi kwenye nyika za magharibi mwa Marekani, wakajifanya wamegundua mgodi. Matajiri walipotaka uhakika, sampuli ilipelekwa kwa Tiffany mwenyewe. Akaitazama, akasema ina thamani ya dola 150,000. Ilikuwa takataka iliyonunuliwa kwa wauzaji wa mawe London. Mtaalamu wa miamba, Clarence King, ndiye aliyekwenda mpaka porini akaufichua uongo. Tiffany alizijua almasi zilizokatwa. Ghafi hakuzijua.

Mnacheka, lakini ndiyo hali yetu tukiigeuza upande wa pili. Sisi tunajua ghafi. Mchimbaji wa Mirerani, kule kwenye machimbo yetu ya tanzanite, atalitazama jiwe juani nusu dakika akakwambia litatoa nini. Ukimwonyesha lililokatwa, likawekwa kwenye platinamu, likalazwa kwenye mahameri mbele ya kioo, hajui tena bei yake. Kila mmoja ana nusu yake ya ujuzi, na wanaokaa katikati ndio wanaokula.

Miaka saba baada ya aibu ile, kijana aitwaye George Frederick Kunz aliajiriwa pale. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, hakuwa na shahada ya chuo, elimu yake ya mawe alijipatia mwenyewe kwa kusoma na kukusanya. Akawa mtaalamu wa vito wa duka kwa zaidi ya miaka 50. Kuanzia hapo, nyuma ya tabasamu la muuzaji kulikuwa na mtu anayejua. Kipimo changu cha duka ni hicho. Muulize muuzaji swali la tatu. La kwanza na la pili kila mtu hukariri.

Kwenu wakataji wa vito nina neno la pekee. Tiffany wana almasi ya manjano iliyochimbwa Kimberley, Afrika Kusini, mwaka 1877. Ghafi ilikuwa na karati zaidi ya 287, na hapa karati ni uzito wa jiwe, si usafi wa dhahabu. Ilipelekwa Paris kukatwa, ikatoka na karati 128.54. Zaidi ya nusu ya jiwe ilitupwa! Waliikata nyuso zaidi ya 80, wakati mkato wa kawaida wa duara ulikuwa na 58, ili mwanga ukishaingia usitorokee chini, urudi machoni. Na mpaka leo inawekwa kwenye duka kuu itazamwe. Waliowahi kuivaa hadharani ni wachache mno, wakiwemo mwigizaji Audrey Hepburn mwaka 1961, na waimbaji Lady Gaga 2019 na Beyoncé 2021. Huyo wa mwisho alipoivaa, wengi waliuliza jiwe la Kimberley ya wakati wa ukoloni linafanya nini shingoni mwake, na lilikuwa swali la haki. Nitalirudia.

Lakini kwanza karati. Nimekaa mezani na wakataji wetu, na najua mnavyokata: mnaokoa uzito. Tumbo la jiwe mnaliacha nene, pembe mnazipindisha, kwa kuwa dalali anapima kwa karati na kila karati ni ada ya mtoto. Jiwe linatoka zito na zubavu, katikati lina dirisha, unaona kidole chako kwa upande wa pili. Mnunuzi wa nje analichukua, analikata upya, anatupa ule uzito mlioulinda kwa jasho, anaweka bei mara kadhaa. Siwalaumu, tumbo haliahirishwi. Nasema tu kwamba hesabu hiyo inafanywa, na asiyefaidika nayo ni ninyi.

Pete yao ya uchumba ya mwaka 1886 ni akili ileile. Zamani jiwe lilizamishwa ndani ya chuma, nusu limefunikwa. Wao wakalinyanyua juu kwa vishikio sita vyembamba, mwanga ukapita chini na pembeni. Kila mmoja wenu ameshaitengeneza pete ya namna hiyo kwa mtihani, na baadhi yenu vishikio vyenu vilikuwa vinene kama miguu ya meza. Sitaji majina, wazazi wapo.

Kuhusu kile kisanduku chao cha buluu sitasema mengi, kila mtu anakijua. Inatosha kukumbuka alichoandika mwandishi wa gazeti la New York mwaka 1906: kwamba dukani kwa Tiffany kuna kitu kimoja usichoweza kukinunua kwa pesa yoyote ile, nacho ni kisanduku. Hutoki nacho ila ukiwa umenunua kilichomo. Kwa kadibodi wamefanya kitu ambacho wengine hawakifanyi kwa platinamu.

Sasa nafika kwenye ile sababu ya pili.

Mwaka 1967, kwenye vilima vya Mirerani, yalipatikana mawe ya buluu ambayo hayakujulikana. Nani aliyaona kwanza, bado watu wanabishana. Manuel de Souza, fundi cherehani aliyependa kutafuta madini, ndiye aliyesajili dai lake mwaka huo. Jumanne Ngoma ndiye tunayemtambua kitaifa. Mwalimu Nyerere alimpa hati ya utambuzi na shilingi 50,000 miaka ya 1980, na Aprili 2018, siku ya kuzindua ukuta unaozunguka machimbo ya Mirerani, Rais Magufuli akamtunuku shilingi milioni 100. Wafugaji wa Kimaasai nao wana la kusema, maana walikuwa wakipita juu ya mawe yale na mifugo yao tangu zamani.

Mawe yenyewe, wataalamu wakagundua, yalikuwa aina ya madini yaitwayo zoisaiti. Mengi yakitoka ardhini ni ya kahawia, hayana mvuto, na hugeuka buluu ya zambarau yakichomwa kwenye nyuzi 500 hivi au zaidi. Yakafika New York, mikononi mwa Henry Platt wa Tiffany, mtu wa ukoo wa mwanzilishi. Akaona mambo mawili: kwamba ni mazuri kupita kiasi, na kwamba jina zoisaiti haliwezi kuuza kitu. Akayaita tanzanite, kwa jina la nchi iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Mwaka 1968 duka likayatangaza, likisema yanapatikana mahali pawili tu duniani: Tanzania na kwa Tiffany.

Mzitazame vizuri hizo sehemu mbili zilivyopangwa. Nchi nzima upande mmoja wa mizani, duka upande wa pili. Na mizani ikalala sawa! Platt aliwahi kufanya hivyo tena mwaka 1974 kwa lile jiwe la kijani la mpakani kwetu na Kenya, akaliita tsavorite kwa jina la mbuga ya Tsavo.

Kwa hiyo ndugu zangu, chema kilijiuza? Jiwe lilikuwa pale vilimani kwa mamilioni ya miaka, likiwa chema vilevile. Halikumpigia mtu yeyote hodi. Lilihitaji mchimbaji, likahitaji moto, mkataji, jina, dirisha dogo, kibandiko cha bei na muuzaji anayejua. Hayo mawili ya kwanza yalibaki kwetu. Kilichoongeza bei kilitendeka kwingine.

Na anayeweza kukupandisha anaweza kukushusha. Mwishoni mwa 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba Marekani, gazeti moja kubwa la huko liliandika kwamba biashara ya tanzanite inahusishwa na magaidi. Tiffany wakayaondoa mawe yetu kwenye makabati. Baadaye serikali ya Marekani ilisema haikuona ushahidi, na jiwe likarudi sokoni, lakini kwa kipindi kile bei zilianguka na huku Mirerani watu walilala njaa kwa habari iliyochapishwa mbali kabisa nao. Hatukuwa na hati ya kuonyesha. Hatukuwa na karatasi inayosema jiwe hili lilitoka kitalu fulani, likakatwa na fulani, likalipiwa ushuru hapa. Imani yote ilikuwa ya duka, sisi tulikuwa nayo kwa kukopa.

Ndipo nirudi kwenye swali la Beyoncé na Kimberley. Tangu Januari 2019, Tiffany huwaambia wateja nchi au eneo ilikotoka kila almasi mpya yenye namba ya usajili. Walifungua pia karakana ya almasi Botswana. Hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Wateja wa leo wamepata hofu mpya. Zamani waliogopa kuuziwa kioo. Siku hizi wanaogopa pia kuvaa damu ya mtu, kuvaa jasho la mtoto. Na kwenye hofu hiyo mpya, wanangu, hakuna duka duniani linaloweza kushindana na ninyi. Wao inabidi watume wakaguzi kuvuka bahari. Ninyi mnaweza kumpandisha mteja kwenye gari asubuhi, akamwona mchimbaji, akarudi mchana kuchagua mkato.

Mnakumbuka Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili yenye zaidi ya kilo 14 kwa shilingi bilioni 7.74. Picha yake akicheka na mawe mikononi ilizunguka dunia nzima. Gharama ya kupata picha ile kwa tangazo ingekuwa kiasi gani? Tuliipata bure. Na hakuna duka hata moja hapa kwetu lililojua kuitumia.

Linganisheni na hili: Januari 2021, kampuni ya Kifaransa ya LVMH iliinunua Tiffany kwa karibu dola bilioni 15.8. Makabati na majengo hayafiki huko. Walilipia jina, yaani miaka 180 ya watu kutoogopa.

Kuna upande wa duka lile nisioupenda, nao niuseme. Duka linaloondoa hofu ya kudanganywa linaweza kuleta hofu ya mlango. Yupo mtu mwenye pesa mfukoni anayepita nje mara tatu haingii, anatazama viatu vyake. Mlinzi anamkagua kwa macho, muuzaji anamkadiria kabla hajafungua kinywa. Hata hapa Arusha nimeona mzee wa shuka na sime akiachwa amesimama, na kijana wa kizungu mwenye kaptula iliyochanika akiletewa kiti. Yule mzee alikuwa na ng'ombe wa kulinunua duka. Tiffany wenyewe walilijua tatizo, na miaka ya 1960 walitoa kishikio cha funguo cha fedha chenye namba, ukipoteza funguo aliyeokota anazirudisha dukani. Ni kitu cha bei ndogo tu, lakini aliyekinunua alishaingia mlangoni, na akishaingia mara moja mlango hauna meno tena.

Nikiwashauri mambo machache kwa vitendo, yatakuwa haya. Andikeni bei na muisimamie; wiki za kwanza mtapoteza wateja, najua, na shangazi zenu ndio watakaolalamika zaidi wakidai bei ya ndugu. Hati ya kila jiwe iwe na uzito, chanzo, jina la mkataji, na kama limechomwa iseme limechomwa. Na mteja aambiwe udhaifu wa jiwe kabla hajalipa. Almasi kwa ugumu ni 10, yakuti ni 9, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Mtu anayefua na kulima asiuziwe tanzanite ya pete ya kila siku. Muuzie hereni au kidani, mwambie kwa nini. Utakosa faida ya pete hiyo. Lakini huyo atakuletea dada zake, mawifi zake na mkwe wake, maana amekutana na sonara aliyemkatalia pesa, na habari ya namna hiyo haikai nyumbani.

Mlioniuliza asubuhi kama mtaji wa kuanzia lazima uwe mkubwa, jibu langu ni dola nne na senti tisini na nane, pamoja na baba mwenye dola 1,000 za kukopesha. Wazazi, hapo nimewatazama ninyi.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele. Mwenye swali anifuate mezani nitamjibu, isipokuwa kama anataka kupatana bei ya hii pete niliyovaa.